Faili la Nukta Si Faili la Siri

Watayarishaji wa programu wana desturi njema ya kupeana mipangilio: mtu huweka hadharani, mara nyingi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kupeana msimbo, mafaili yake ya .bashrc, .vimrc na .gitconfig, ili mwenzake aliyepata kompyuta mpya asianze upya kutafuta vifupisho vya amri ambavyo wengine wamekwisha kuvinoa kwa miaka. Haya ndiyo mafaili ya nukta: mafaili ya maandishi ya kawaida, yenye majina yanayoanza kwa nukta, ambamo programu husoma mapendeleo ya mtumiaji. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonisumbua ni kuyasikia kila mara, hata kwa wazoefu, yakiitwa mafaili ya siri, na wanaojifunza wakaamini kwamba nukta hulinda kilichomo.

Nukta haikuwekwa ili ilinde chochote, wala haikukusudiwa kuficha mipangilio. Katika Unix, mfumo endeshi uliozaliwa katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, kila folda ina maingizo mawili ya kudumu: nukta moja, yaani folda yenyewe, na nukta mbili, yaani folda iliyo juu yake. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, alieleza mwaka 2012 kwamba maingizo hayo yalipoanza kujitokeza kila mtu alipoandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, mmoja wa waasisi wa Unix, Ken Thompson au Dennis Ritchie, aliongeza sharti fupi katika programu hiyo: jina likianza kwa nukta, lirukwe. Kukagua herufi ya kwanza peke yake kulikuwa rahisi kuliko kulinganisha jina zima, lakini sharti hilo likayameza pia majina mengine yote yenye nukta mwanzoni, na waandishi wa programu wakaona hapo pana mahali pa kuweka mipangilio yao bila kujaza orodha ya mtumiaji. Pike mwenyewe analihesabu jambo hilo kuwa kosa. Nami nakubaliana naye, kwa sababu njia ya mkato ya mstari mmoja imewafundisha watu wengi maana ya usalama isiyokuwepo.

Andika ls -a, na kila faili la nukta litaonekana. Kinachomzuia mtu mwingine kusoma faili lako ni ruhusa zake, kama zile unazoziweka kwa amri ya chmod 600, inayomwachia mwenye faili peke yake kulisoma na kuliandika, na ndiyo maana ssh, programu ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali, hukataa kutumia ufunguo binafsi ambao watumiaji wengine wanaweza kuusoma, hata kama umekaa ndani ya folda ya .ssh. Nukta haigusi ruhusa hata kidogo.

Hatari huja pale mtu anapokusanya mipangilio yake ili awape wengine. Hapo hutumiwa git, programu inayotunza matoleo ya mafaili, na amri yake ya git add, inayoyaingiza mafaili humo. Katika bash, programu inayopokea amri unazoandika, git add * huyaruka mafaili ya nukta yaliyo katika folda uliyomo, kwa kuwa nyota hailingani na majina hayo; git add . huyachukua yote, pamoja na .env yenye nenosiri la hifadhidata, isipokuwa yale yaliyotajwa katika .gitignore, orodha ya mafaili ambayo git iyapuuze. Faili lenye nenosiri likishaingia na kusukumwa hadharani, kulifuta kesho yake hakutoshi, maana git hutunza historia. Na kuliandika katika .gitignore baadaye hakuondoi faili ambalo tayari linafuatiliwa. Linalobaki ni kubadilisha nenosiri hilo mara moja.

Kwa hiyo tunapowafundisha wengine, tuseme kwamba faili la nukta ni faili lisiloorodheshwa kwa kawaida, na neno siri tulibakize kwa nywila na funguo, popote zilipohifadhiwa. Na aliye tayari kushiriki mipangilio yake aandike kwanza git ls-files: amri hiyo huorodhesha kila faili linalofuatiliwa, lenye nukta na lisilo nayo.