Mthamini Akishaondoka: Nyumba ya Familia Kariakoo

Katika kazi yangu ya uhifadhi wa majengo hapa Dar es Salaam, warithi huniita mthamini akishaondoka. Karatasi aliyowaachia inaonyesha kuwa kiwanja kina fedha nyingi na nyumba iliyo juu yake karibu haina kitu, kwa kuwa kuta ni za udongo na fito na mabati yameshika kutu. Hesabu hiyo ni halali kwa anayeuza ardhi. Mimi huulizwa jambo jingine: je, nyumba yenyewe ni urithi?

Wengi hudhani jibu liko kwenye umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo huanzia hapo: jengo la kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja, na la baada ya hapo mpaka litangazwe rasmi. Lakini Sultani Majid alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, kwa hiyo nyumba za familia za hapa mjini, kwa jumla, zimezaliwa baada ya mpaka huo. Mlango wa kuchonga wa kabla ya 1940 sheria inautaja na kuulinda. Ukuta ulioushikilia haiutaji, na jambo hili hunisikitisha kila ninapolieleza.

Thamani ninayoitafuta mimi iko kwenye ramani ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina baraza mbele, ukumbi unaonyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kila upande, na huko uani jiko, bafu na choo. Kwa mpangilio huo, mama mwenye nyumba aliweza kuishi na wanawe katika vyumba viwili, akapangisha vilivyobaki na kula kodi yake uzeeni, huku wageni wakipokelewa barazani bila kuingilia faragha ya wanaopika uani. Shughuli ikiwa ya arusi au ya matanga, mlango mmoja unatenga wanaume na wanawake. Ndiyo maana husema kwamba anayevunja ukuta wa ukumbi ili apate sebule pana ameondoa kingi kuliko aliyetoa makuti akaezeka mabati. Paa hubadilishwa kila zama. Ukumbi ndio uliodumu.

Kuna nyumba moja ya aina hii ninayoishughulikia sasa. Mrithi mmoja, kwa nia njema kabisa, aliipiga lipu ya saruji miaka iliyopita. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa nje taratibu. Saruji ikauziba, na fito zikaanza kuoza ndani bila mtu kuona. Tutaibandua kidogo kidogo na kurudisha udongo na chokaa.

Ndugu hawajakubaliana kuuza au kubaki, na uamuzi huo si wangu. Nimewaomba tu tuichore kwanza, chumba kwa chumba, na kuandika nani alilala wapi. Shangazi yao, aliyezaliwa chumba cha pili kushoto, alikaa ukumbini akinitajia wapangaji tangu utoto wake, nami nikiandika juu ya mchoro. Tulikuwa chumba cha nne adhuhuri ilipoadhiniwa. Viwili vilivyobaki tutavimaliza Jumamosi.