Kulea vitoto vya hamsta kwa mkono maana yake nini hasa

Watu wakisikia kulea kwa mkono wanafikiria ni kunywesha maziwa kwa sirinji tu basi. Kunywesha ni kipande kimoja. Maana yenyewe ni wewe kushika kazi zote ambazo mama angezifanya, na kwa hamsta (mnyama mdogo wa kufugwa, jamii ya panya) kazi ya kwanza wala sio maziwa, ni joto.

Mimba ya hamsta wa Syria ni siku kama 16 tu, kwahiyo vitoto vinatoka bado vichanga mno, havina manyoya, macho yamefumba, kila kimoja gramu 2 au 3 hivi, na mwili hauwezi kujipasha moto wenyewe. Ukikipa maziwa kikiwa cha baridi tumbo halisagi, yanakaa humo humo na kitoto kinakufa huku wewe unadhani umekilisha. Tafuta boksi dogo, weka tishu zisizo na marashi, halafu chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo uiweke upande mmoja tu, ili joto likizidi wajiburute upande wa pili.

Maziwa ni yale ya unga ya watoto wa paka, ukikosa wengi wanatumia ya mbuzi. Ya ng'ombe yanaharisha, na kiumbe cha gramu 3 kikiharisha hakichukui muda. Kiwe kimelala kifudifudi, uweke tone kwenye ncha ya brashi ndogo ya kuchorea kilambe chenyewe, usisukume, maana yakipita puani yanaenda kwenye mapafu. Kila masaa mawili, usiku pia jamani.

Alafu kuna choo, hii wengi hawaijui kabisa. Mama huwalamba kwa chini ndio wanakojoa na kunya, peke yao hawawezi, kwahiyo kila wakimaliza kula chukua pamba yenye maji ya uvuguvugu uwapanguse taratibu mpaka kitoke kitu.

Niseme ukweli, walio chini ya wiki moja wengi hufa hata ukifanya yote sawasawa, na hilo sio kosa lako. Ndio maana kama kuna jike mwingine anayenyonyesha watoto wa umri huo huo jaribu kwanza kwake, wapake matandiko ya kiota chake washike harufu. Na hakikisha kweli ni yatima, mama kutoka kiotani kidogo ni kawaida, ukianza kuwashikashika anaweza kuwala.

Lakini inawezekana. Mwaka 1930 mtafiti Israel Aharoni alipata jike na watoto 11 karibu na Aleppo, Syria, mama akaua mmoja, naye akauawa asimalize wengine, ikabidi Aharoni na mkewe wawalee wenyewe. Baadhi ya wale yatima walizaliana Jerusalem, na hamsta wengi sana wa Syria wanaofugwa leo ni ukoo wao.

Wakifika siku 7 mpaka 10 hali inakuwa nafuu, wanaanza kutafuna, wape oti zilizolowekwa na tango kidogo. Macho yanafunguka kwenye wiki ya pili hivi, wiki ya tatu maziwa yanaisha. Kabla ya wiki ya nne tenganisha madume na majike, maana umri huo tayari wanaweza kushika mimba, na baada ya hapo kila mmoja atahitaji kizimba chake sababu wakikua wanaumana vibaya.