Ukaguzi wa miswada ya kisayansi kwa programu ni nini?

Ukaguzi wa miswada kwa programu ni kazi ya kuipitisha makala ya kisayansi kwenye programu ya kompyuta, aghalabu kabla haijafika kwa wahakiki, ili kubaini kasoro ambazo msomaji huzipita kwa uchovu au haraka. Mwanafunzi wa uzamili aliyewahi kurudishiwa tasnifu kwa sababu ya asilimia ya ulinganifu amekwisha kukutana na aina moja ya ukaguzi huo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo aina inayotueleza machache zaidi, kwani huonyesha tu maneno yanayofanana na yaliyokwisha kuandikwa kwingine, wala haigusi hesabu hata moja.

Hesabu zina programu yake, statcheck, iliyoundwa na Michèle Nuijten na Sacha Epskamp. Programu hiyo husoma matokeo ya kitakwimu yaliyoandikwa kwa mtindo wa APA, yaani ule wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ikakokotoa upya thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi iwapo hakuna athari yoyote ya kweli, na kuilinganisha na ile aliyoiandika mwandishi. Ilipopitishwa kwenye makala za majarida manane ya saikolojia zilizochapishwa kati ya 1985 na 2013, karibu nusu ya makala zenye takwimu za namna hiyo zilikutwa na angalau thamani moja ya p isiyopatana na hesabu yake, na takriban moja katika kila nane ilikuwa na kosa linaloweza kugeuza hitimisho.

Kipimo kingine, GRIM, cha Nick Brown na James Heathers, ni chepesi hata kalamu na karatasi vinatosha. Tuseme watu 20 wameulizwa swali moja, kila mmoja akajibu kwa namba kamili kati ya 1 na 7, na mwandishi akaripoti wastani wa 3.47. Jumla ya majibu ikiwa 69, wastani ni 3.45; ikiwa 70, ni 3.50, na kati ya 69 na 70 hapana namba kamili nyingine. Wastani wa 3.47, basi, hauwezekani. Lakini mhariri asikimbilie kumwita mwandishi mwongo, kwa sababu huenda mtu mmoja aliliruka swali hilo, na 66 ukiigawa kwa 19 unapata 3.47 barabara. Kosa likabaki kuwa la kutotaja idadi halisi ya waliojibu, jambo ambalo barua moja kwa mwandishi inalimaliza.

Zipo pia programu zinazotafuta picha za maabara zilizorudiwa, na zile zinazonasa misemo iliyopotoshwa makusudi ili wizi wa maandishi usigundulike, kama pale saratani ya matiti inapoitwa kwa Kiingereza kitu kinachokaribia kuwa “hatari ya kifuani”.

Mwaka 2016 ripoti za statcheck kuhusu makala zaidi ya 50,000 ziliwekwa hadharani kwenye PubPeer, tovuti ya kujadili makala za kisayansi zilizokwisha kuchapishwa, zikiwemo za makala zisizo na kosa lolote, na baadhi ya wanasaikolojia walilalamika. Naona malalamiko hayo yalikuwa na msingi, maana programu hiyo haisomi majedwali wala takwimu zilizoandikwa kwa mtindo mwingine, hivyo ripoti isiyo na kosa inaweza kuwa ya makala ambayo sehemu kubwa ya takwimu zake haikusomwa kabisa.