Baba yenu hakutandika reli

Nahariri wasifu wa marehemu hapa Kisumu, na kuna sentensi moja imenichosha: "Mzee alitoka India kuja kujenga reli." Mstari ulio juu yake unasema alizaliwa Punjab mwaka 1936. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa, enzi hizo pakiitwa Port Florence, Desemba 1901. Pigeni hesabu.

Pengine hata babu yake hakuijenga. Vibarua wa mkataba walioletwa kutoka India walikaribia 32,000. Kama 2,500 walifariki, na waliobaki nchini mikataba ilipokwisha hawakufika 7,000. Wenye maduka, makarani, maseremala na makanika wengi walikuja baadaye, kwa nauli yao au ya mjomba, kwa meli kama Karanja na Amra. Kuna atakayenitajia tawi la reli la kutoka hapa hadi Butere, la 1930. Kufikia hapo, waliobeba mataruma na kuchimba tuta walikuwa hasa Waafrika.

Linaloniuma ni kwamba sentensi hiyo inamnyang'anya mzee jasho lake. Miaka 40 amehudumia vinu vya posho, anachonga upya mawe yaliyolainika, anafungua injini ya Lister usiku ili watu wasage asubuhi, kisha anaagwa kwa kazi ya mtu mwingine!

Kwa hiyo anzeni na sanduku lake la vyombo, albamu ya picha ingoje. Kama kweli alikuwa mtu wa reli, herufi zilizogongwa kwenye vyombo zitasema: KUR (Reli ya Kenya na Uganda) ni kabla ya 1948, EAR&H (Reli na Bandari za Afrika Mashariki) ni 1948 hadi 1969, EAR peke yake inakoma 1977. Lakini tahadhari: spana yenye KUR inaonyesha ilinunuliwa lini, haionyeshi mzee aliajiriwa lini. Spana hurithiwa. Hati ya mshahara ina nguvu zaidi, na mbili za miaka tofauti ni bora, maana zitaonyesha alivyopanda kutoka mwanagenzi hadi fundi hadi msimamizi.

Pasipoti isomeni kwenye mihuri. Kama hakuwa raia, tafuteni kibali cha kazi cha baada ya 1967, kwa kuwa hutaja kazi na mwajiri. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa 1 Januari, mara nyingi karani alikadiria, basi andikeni mwaka tu.

Sasa neno "aliamua". "Mwaka 1969 mzee aliamua kufunga duka la sokoni kijijini na kuhamia mjini." Aliamua? Baada ya uhuru, 12 Desemba 1963, Wahindi wengi walipewa miaka miwili kujiandikisha uraia. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikawazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa, na bidhaa fulani wakakatazwa kuuza. Duka la kijijini likafungwa hata kama wateja walikuwa wamejaa. Ulizeni kwanza alikuwa na karatasi gani mwaka huo, ndipo muandike kama alihama au alihamishwa. Tofauti hiyo ndiyo maisha yake yenyewe, na watoto wengi hawakuambiwa, kwa sababu baba hakutaka kulalamika mbele yao.

Halafu mtafuteni msaidizi wake, yule aliyeshika taa na kupokezana naye nyundo. Mwendeeni Manyatta au Kano, mketi, mumwache aongee Dholuo akipenda. Atawaambia mzee alitumia mkono upi, alikataa kazi gani, alilipa siku gani. Masimulizi yake yakigongana na ya watoto, sina kanuni. Mambo ya gereji namwamini yeye, ya nyumbani nawaamini watoto, na mara nyingine nimelala nikihofia nimechagua vibaya. Yasipopatana, naandika yote mawili.

Sentensi ya kwanza iwe hivi: alishuka Mombasa mwaka fulani, akapokewa na fulani, akaanza kazi fulani kwa fulani. Na jina la msaidizi huyo liingie humo, kabla ya orodha ya wajukuu.