Hamira nyingi si ethanoli nyingi

Muhoroni, magharibi mwa Kenya, ambako kiwanda hugeuza molasi (masalia mazito ya kutengeneza sukari) kuwa ethanoli, yaani alkoholi, hukosi kusikia ushauri huu: wakitaka ethanoli zaidi, si waongeze tu hamira? Hapana. Kinachoamua kiasi ni sukari, ambayo hamira huigeuza kuwa ethanoli. Kilo 1 ya glukosi, aina ya sukari, haiwezi kutoa zaidi ya gramu 511 hivi za ethanoli. Karibu yote inayobaki hutoka kama kaboni dioksidi. Ukizidisha hamira, kazi itaisha mapema, basi.

Shida halisi ni uvumilivu. Hamira hutoa joto inapochachusha, na tangi likipita nyuzi 35 hivi huanza kulegea. Kupoza tangi kwenye joto la nyanda za Kano, eneo hilo la Muhoroni, si bure. Molasi nayo ina chumvi nyingi, na ethanoli yenyewe ni sumu kwa hamira iliyoitengeneza.

Kwa hiyo huboreshwa hamira yenyewe, na si lazima kuchezea jeni. Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, walieleza jinsi walivyoikuza kizazi baada ya kizazi kwenye nyuzi 40 hivi. Zilizostahimili zilikuwa zimebadilisha steroli, yaani aina ya mafuta, katika utando wa seli. Bei yake? Kwenye joto la kawaida zilikua polepole kuliko mama zao.

Makapi ya miwa ni habari nyingine: yana zailosi, sukari ambayo hamira ya kawaida haiichachushi. Hapo ndipo jeni za kuvu wengine au bakteria huazimwa.