Uraibu wa pombe: maana yake, na jinsi mtu anavyoanza kuishi bila kunywa

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, uraibu ulikuwa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vitu ambavyo mtu alitafuna kwa starehe au alimkaribishia mgeni wake barazani. Leo wahudumu wa afya wanalitumia neno hilohilo kwa hali ambayo kitu kilichoanza kwa starehe kimefika mahali pa kumwamulia mtu siku yake itakavyokwenda. Binafsi naona safari hiyo ya neno inaeleza ugonjwa huu vizuri, kwa sababu sijapata kumwona mtu aliyeonja pombe kwa mara ya kwanza akiwa na nia ya kutawaliwa nayo.

Hapa Tabora neno tulilolizoea zaidi ni "mlevi", na ndilo linalotupoteza. Mlevi ni mtu tunayemwona: anayumba, anatukana kilabuni, analala mtaroni. Uraibu hauonekani kwa macho namna hiyo. Mtu anaweza kulewa chakari kwenye harusi moja huko Isevya, akaaibika, akakaa mwaka mzima bila kurudia, na mtu huyo si mraibu. Mwingine anafika kazini kila asubuhi akiwa na shati lililopigwa pasi, hajawahi kuanguka njiani, majirani wanamwamkia kwa heshima, na bado akawa mraibu wa miaka mingi. Kwa kuwa wote tunamtafuta yule wa mtaroni, huyu wa shati la pasi hujificha hata mbele ya nafsi yake, akisema kwamba yeye hajafikia hali ya fulani.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua utegemezi wa pombe kwa mambo matatu, na mawili kati yake yakiwapo, kwa kawaida kwa kipindi cha miezi 12, yanatosha. Jambo la kwanza ni kushindwa kuutawala unywaji wenyewe, yaani kushindwa kuamua lini uanze, unywe kiasi gani na uishie wapi. Tuchukue mfano wa mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyelipwa fedha za msimu kwa mkupuo mmoja. Amepanga kununua mabati na kulipa ada, anapita kilabuni kwa jagi moja tu la wanzuki, pombe ya kienyeji ya asali, ili kuondoa uchovu wa miezi ya kukausha majani kwenye mabani, na anarudi nyumbani siku ya tatu bila mabati. Jambo la kumwuliza ni kama alikusudia kunywa siku tatu. Ikiwa hakukusudia, na ikiwa msimu uliopita ilikuwa vilevile, basi tumeliona jambo la kwanza.

La pili ni pombe kupanda ngazi na kukaa juu ya mambo mengine ya maisha. Mtu huacha msiba wa jirani mapema, huacha mpira aliokuwa akiupenda, huacha kuongea na watoto jioni, na huendelea kunywa ingawa ameambiwa ini limeanza kuharibika au mkewe amekwisha kurudi kwao mara mbili. La tatu ni mwili wenyewe: unazoea, kwa hiyo glasi mbili zilizokuwa zikimtosha sasa hazimfikishi popote, na pombe inapokosekana mwili unalalamika.

Jambo hilo la tatu ndilo ninalotaka kulikalia, kwa kuwa Watanzania tuna neno lake na tunalitumia kwa kicheko. Neno hilo ni "kuzimua". Mtu anaamka na mning'inio, kichwa kinagonga, mikono haitulii, anakwenda kunywa supu ya moto na juu yake bia moja au kikombe cha gongo, kisha anasema amezimua na sasa yuko sawa. Wenzake wanacheka naye. Daktari wa Marekani aitwaye John Ewing, wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alitunga maswali manne mafupi ya kumtambua mtu mwenye tatizo la pombe, yakajulikana sana kuanzia mwaka 1984. Je, umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze kunywa? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukulaumu juu ya unywaji wako? Je, umewahi kujisikia vibaya au mwenye hatia kwa sababu ya kunywa kwako? Na je, umewahi kunywa asubuhi kabla ya jambo lolote ili kutuliza mwili au kuondoa mning'inio? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumfanya mtu akapimwe kwa undani zaidi. Swali la nne ni kuzimua kwetu, tena kuzimua kunakorudiwa kila asubuhi ndiko ninakokuhofia kuliko ulevi wa harusini, kwa sababu hapo mtu hanywi tena ili afurahi. Anakunywa ili afanane na watu wengine walioamka wazima.

Sababu yake iko ndani ya ubongo. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo unaotulizwa kila siku hujibu kwa kuongeza nguvu zake za kujichangamsha ili uweze kufanya kazi. Fikiria watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja upande wake, mpaka mlango umesimama wima na mpita njia anadhani hakuna anayeusukuma. Mmoja akiondoka ghafla, yule aliyebaki anaanguka nao. Pombe ikikatika, nguvu ya kujichangamsha inabaki peke yake: mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia, kichefuchefu kinakuja. Kwa kawaida hayo huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kwa baadhi ya watu huja pia kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na wachache, hasa siku ya pili au ya tatu, huweweseka, hupata homa, hupotewa na fahamu za mahali walipo na kuona maruerue, kama vile wadudu wanaotambaa ukutani. Hali hiyo ya mwisho huua isipotibiwa.

Hapo ndipo mkoa kama wetu, wenye malaria ya mwaka mzima, unapopata mtego wake. Baba anayekunywa kila siku analazwa kwa mguu uliovunjika, au anafungiwa nyumbani na ndugu zake ili aache, na siku ya tatu anatetemeka, anatoka jasho na kuongea na watu wasiokuwapo. Familia inasema malaria imepanda kichwani, na wengine wanasema amerogwa na wanaanza kutafuta nauli ya kwenda kwa mganga. Kipimo cha malaria kifanyike, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na yote mawili, lakini daktari aambiwe wazi kwamba mgonjwa alikuwa mnywaji wa kila siku na mara ya mwisho alikunywa lini. Najua mama anayemtunzia mumewe heshima huona vigumu kulisema hilo mbele ya wauguzi na shemeji zake. Alitamke hata kwa kunong'ona, maana dawa anayohitaji mtu huyo ni tofauti kabisa na ya malaria.

Mwezi wa Ramadhani huleta hoja nyingine ninayoisikia kila mwaka. Mtu anaacha kunywa tangu mwezi unapoandama, anafunga siku zote, na siku ya Idi anarudi kilabuni akiwa na ushahidi kwamba yeye si mraibu, kwa sababu ameweza kuacha mwezi mzima. Wakristo wana hoja hiyohiyo kwa Kwaresma. Kuweza kuacha mwezi mmoja ni habari njema ya kweli, na inaonyesha kwamba mwili wake pengine haujafungwa sana. Haijibu, hata hivyo, swali la kinachotokea baada ya glasi ya kwanza ya Idi. Ikiwa glasi hiyo inafungua siku nne za kunywa na deni dukani, utawala bado haujarudi mikononi mwake. Na yule anayetetemeka siku ya pili ya mfungo asiulaumu mfungo. Mwili wake unamwambia jambo ambalo ampelekee daktari.

Kuhusu kiasi nitasema kwa ufupi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi, na ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, kwa hiyo chupa moja inahitaji saa mbili au zaidi, na wala supu, kahawa au kuoga maji ya baridi hakuharakishi kazi hiyo. Wanzuki haina kibandiko. Nguvu yake hutegemea asali au sukari iliyotiwa, siku ilizochacha na mkono wa mpishi, hivyo "majagi mawili tu" hayasemi lolote kwa anayetaka kujipima. Gongo ni hatari zaidi, kwani mbali na kupigwa marufuku kisheria inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua hata kwa kiasi kidogo.

Sasa tuje kwa anayetaka kuanza. Hatua ya kwanza inategemea mwili wake uko wapi. Mtu ambaye hanywi kila siku, hazimui asubuhi na hajawahi kutetemeka anaweza kuacha leo bila hofu ya mwili. Anayekunywa kila siku kwa wingi, na hasa aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipokosa pombe, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani, na ndugu wasimfungie wala kummwagia pombe yote kwa kudhani wanamwokoa. Aende kituo cha afya au hospitali, na Tabora mjini iko hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Huko daktari anaweza kumpa dawa za kutuliza, kama diazepamu, kwa dozi inayoshuka siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi hupungukiwa nayo na ambayo upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Dawa hizo hazinunuliwi dukani na kumezwa kwa kukisia, kwa sababu diazepamu ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi.

Siku hizo za mwanzo, ingawa ni kali, kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja. Linalobaki ni refu zaidi na halina homa ya kuonyesha watu. Usingizi unaweza kusumbua kwa wiki kadhaa, na jioni inakuwa na saa nyingi kuliko ilivyokuwa. Anayekaa Ng'ambo na njia yake ya kutoka kazini inapita mbele ya kilabu alichozoea, na abadilishe njia, hata kama ni ndefu. Si woga. Harufu, muziki na sauti za marafiki huamsha hamu kabla akili haijapata nafasi ya kukataa. Mkulima ajadiliane na mkewe mapema, kabla malipo hayajatoka, fedha zitapokelewa na nani na zitawekwa wapi, na wapo wanaokwenda kuchukua malipo wakifuatana na mtu wa nyumbani. Wale waliokuwa wakimnunulia wajibiwe kwa maneno machache aliyoyaandaa: "Nimeacha, nipe soda." Maelezo marefu huwapa wenzake nafasi ya kubishana naye.

Asitegemee nia peke yake. Mwaka 1935, mjini Akron katika jimbo la Ohio nchini Marekani, wanywaji wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari, waligundua kwamba kila mmoja alimudu kutokunywa kwa kuzungumza na mwenzake, na mazungumzo hayo yakazaa vikundi ambavyo leo viko nchi nyingi. Palipo na kikundi, aende. Pasipokuwa nacho, mtu mmoja aliyeacha kabla yake, awe msikitini, kanisani au kijiweni kwa mafundi, ana thamani kubwa, mradi ni mtu wa kumsikiliza kabla ya kumhubiria. Familia nayo ina kazi yake: iache kulipa madeni ya kilabuni na kumtungia uongo kwa mwajiri, na iache pia kumhesabia makosa ya miaka 10 iliyopita kila anapochelewa nusu saa.

Kuteleza hutokea, na hutokea kwa wengi. Mtu aliyekaa miezi minne bila kunywa anapewa glasi kwenye sherehe ya ndugu yake huko Sikonge, anakunywa, na asubuhi anaamini kwamba yote yamekwisha, hivyo anaendelea kwa wiki nzima kwa aibu. Wiki hiyo ndiyo inayodhuru kuliko glasi yenyewe. Akirudi hospitali siku ya pili hakuna sababu ya kumfukuza wala kumsema. Miezi minne yake ni halali, na alichojifunza kuhusu sherehe kitaingia kwenye mpango. Daktari ataanza na swali lilelile la siku ya kwanza, na anahitaji jibu la kweli ili ajue kama mwili una hatari ya kutetemeka tena: mara ya mwisho umekunywa lini, na ilikuwa saa ngapi?