Pikipiki kumisi: maana yake kwenye Triumph, BSA au Norton ya zamani

Injini inamisi pale ambapo mlipuko uliotakiwa kutokea ndani ya silinda haukutokea. Pistoni imepanda, petroli na hewa vimebanwa, wakati wa kuwaka umefika, halafu hakuna kilichowaka, au kimewaka nusunusu. Mzunguko unaofuata unaweza kuwa mzima kabisa. Mpandaji anasikia mkatiko, pikipiki inamtikisa, na petroli iliyopita bila kuungua inaweza kulipukia kwenye bomba la moshi kwa mshindo wa kugeuza watu barabara nzima.

Kumisi kuna tofauti na kuchoka. Injini iliyochakaa ringi inavuta kinyonge, ila mngurumo wake haukatiki. Inayomisi inakatakata. Ukishaisikia tofauti hiyo, usifungue kitu chochote kwanza. Jiulize inamisi lini: ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukivuta mafuta kidogo au ukifungua yote? Silinda moja au zote mbili?

Swali la mwisho ndilo la kuanzia, kwa sababu ya jinsi pikipiki hizi zilivyoundwa. Triumph Bonneville, BSA A10 na Norton Dominator, zote za Kiingereza, zina silinda mbili zilizosimama sambamba. Pistoni zinapanda pamoja na kushuka pamoja, lakini zinawaka kwa zamu. Silinda moja ikifa, nyingine inaendelea kukubeba, na mtu anaweza kutoka Majengo hadi Nkuhungu hapa Dodoma akidhani pikipiki imekosa nguvu tu. Iwashe ikiwa baridi, iache iungurume dakika moja, kisha dondoshea maji kidogo kila bomba la moshi karibu na linapotokea kwenye injini. Bomba linalokausha maji upesi ni la silinda inayofanya kazi. Lile ambalo maji yanateremka taratibu ndilo la mgonjwa wako.

Zima injini, badilishana plagi za silinda hizo mbili, kisha piga kiki tena. Ugonjwa ukihamia upande wa pili, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, hamisha kitu kinachofuata: waya wa plagi, halafu koili (inayoongeza nguvu ya umeme wa cheche) kama zipo mbili. Unahamisha kimoja kimoja, hutumii hata shilingi, na kila hatua inakupa jibu. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya injini ya silinda mbili: ina kifaa kizima cha kulinganishia muda wote.

Anza na umeme. Mafundi wengi wa Dodoma wamekulia kwenye Boxer na TVS, pikipiki zisizo na pointi kabisa, kwa hiyo ikimisi wanabadilisha plagi na kusafisha kabureta, na mara nyingi inapona. Kwenye pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya 1960 mpangilio ni mwingine. Cheche inatoka pale vipande viwili vidogo vya chuma, ndizo hizo pointi, vinapoachana, na vipande hivyo vinaungua na kulika. Nafasi kati yake ikifunguka kikamilifu iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40 kwa pikipiki zinazotumia koili. Vipimie kwa kipimo cha bapa (feeler gauge), si kwa jicho. Vikiwa na mashimo au weusi, visugue kwa jiwe laini kisha uvifute mpaka vikauke, maana utando mwembamba tu wa grisi unatosha kuimaliza cheche.

Kando ya pointi kuna kondensa. Kazi yake ni kuzuia umeme usiruke kati ya pointi zinapofunguka. Ikianza kufa, pointi zinatoa cheche kubwa za buluu na kuungua haraka, huku plagi ikipata cheche dhaifu. Kondensa mbovu ina tabia ya kusumbua ikipata joto: asubuhi pikipiki ni nzima, saa nane mchana inakatakata, jioni ikipoa inapona. Ukiiona tabia hiyo, badilisha kondensa kabla hujamlaumu aliyekuuzia petroli.

Kuna jambo la Triumph 650 ambalo limewachosha wengi. Za mwaka 1963 hadi 1967 zilikuja na pointi za Lucas 4CA, seti mbili juu ya sahani moja. Ukisogeza sahani ili upande mmoja uwake kwa wakati wake, wa pili nao unasogea. Basi silinda moja inawaka sawasawa, nyingine inawahi au inachelewa, na injini inatetemeka kama inamisi wakati cheche zipo zote. Kuanzia modeli za 1968 zikaja 6CA, ambazo kila seti inarekebishwa peke yake. Mwenye 4CA anaweza kusawazisha upande wa pili kwa kuongeza au kupunguza kidogo nafasi ya pointi za upande huo, bila kutoka nje ya kipimo.

Na betri: kwenye pikipiki hizi za zamani upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Fundi aliyezoea hasi kwenye bodi akiifunga kwa mazoea, anaweza kuunguza vifaa vya kuchajia, na cheche yenyewe inapungua nguvu.

Umeme ukishathibitika, ndipo uende kwenye kabureta. Bonneville za mwisho wa miaka ya 1960 zina Amal Concentric mbili, na kabureta hii inakueleza ugonjwa wake kwa kiwango ulichofungua mafuta. Bandika utepe kwenye mshiko, uweke alama. Ikimisi kuanzia mwanzo hadi sehemu ya nane ya mzunguko wa mshiko, tatizo liko kwenye njia ya petroli ya mngurumo wa chini. Kati ya robo na robo tatu ni sindano ya kabureta. Zaidi ya hapo ni jeti kuu, yaani tundu kuu la kupitishia petroli.

Njia ya mngurumo wa chini inastahili uvumilivu. Ndani ya mwili wa kabureta kuna kitundu cha inchi 0.016, karibu milimita 0.4, na hakionekani kwa nje. Pikipiki ikikaa miezi bila kutumika, petroli inakauka humo na kuacha utando. Kupuliza kwa mdomo hakusaidii, na hata upepo wa kompresa mara nyingi hauondoi kitu. Toa skrubu ya hewa iliyo ubavuni, ingiza waya wa gitaa wenye unene huo ndani ya tundu lake, usukume taratibu hadi uhisi umepenya. Kisha puliza dawa ya kusafishia kabureta na uone inatokea upande wa pili. Rudisha skrubu: ikaze hadi igote, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Kutokea hapo utarekebisha kwa kusikiliza.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani itatoa petroli nyingi mno hapa: plagi inajaa masizi meusi na injini inamisi ukifungua mafuta yote. Kwa mwinuko huu ushauri wa kiwanda ni kupunguza jeti kuu kwa asilimia 5 hivi. Vumbi la kiangazi nalo likiziba chujio la hewa linaleta dalili zilezile, kwa hiyo safisha chujio kabla hujagusa jeti.

Ikiwa inaenda vizuri kutoka mjini, halafu njiani kuelekea Kibaigwa inaanza kukata kidogokidogo mpaka inazima, na ukisimama dakika chache inawaka tena, fungua mfuniko wa tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia, kitundu cha mfuniko kimeziba, na petroli ilikuwa inashindwa kushuka. Kizibue kwa sindano. Kama hakuna hewa iliyovutwa, chomoa mpira wa petroli pale kwenye kabureta, kinga chupa chini yake, fungua koki: petroli inapaswa kutiririka bila kukatika. Ikidondoka tone kwa tone, kutu ya tangi imeziba kichujio cha koki.